Maswali ya Wasomaji: Chemba za Faiba na Mifuniko Yake

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: chemba za chini ya ardhi, yaani vyumba vidogo vya kushukia kwenye mabomba ya majitaka na kwenye njia za nyaya, ambavyo wauzaji wameanza kuvileta vikiwa vimetengenezwa kwa faiba badala ya zege, matofali au chuma. Faiba inayozungumzwa hapa ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini hadi zikaganda kuwa kitu kimoja kigumu, ile ile inayoundiwa boti za uvuvi katika pwani yetu. Si waya wa intaneti, wala si plastiki ya matanki ya maji tunayoyaweka juu ya nyumba. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Zege limeliwa juu, chini ni zima

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni katibu wa kamati ya miundombinu ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam. Chemba zetu za majitaka zilijengwa kwa zege, na hazijafikisha miaka kumi, lakini kuta zake za juu zimelainika na kumeguka kama biskuti iliyolowa, na nondo zimeanza kuonekana, ilhali sehemu ya chini yanakopita majitaka iko imara. Muuzaji mmoja ametuambia dawa ni kung'oa zote na kuweka za faiba. Je, ni kweli, au tulijengewa vibaya tu?

JIBU: Ndugu Katibu, yawezekana kabisa kwamba fundi wenu hakukosea. Kuta za juu kuoza huku mkondo wa chini ukiwa mzima ni dalili ya asidi, na asidi hiyo haikumwagwa na mtu, bali inatengenezwa humo humo ndani. Majitaka yanapokaa muda mrefu bombani bila hewa, bakteria wanaoishi kwenye utelezi wa kuta za bomba hugeuza salfeti iliyomo kuwa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Pale majitaka yanapovurugika, kwa mfano yanapoanguka kutoka bomba la juu kwenda la chini, gesi hutoka majini, hupanda, na kuyeyuka katika unyevu uliotanda ukutani na chini ya mfuniko, na hapo bakteria wa kundi jingine, wanaohitaji hewa, huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Asidi hii hugeuza saruji kuwa jasi, kitu laini kinachovimba na kubomoka. Kuta za chini zinazooshwa na majitaka muda wote husalimika kwa sababu asidi haipati nafasi ya kukusanyika hapo. Kazi ya bakteria hao ilielezwa na mtafiti C. D. Parker mwaka 1945 kutokana na uchunguzi wake wa mabomba ya zege mjini Melbourne, Australia. Kwa kuwa joto huharakisha kazi yao, miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Tanga ina sababu ya kulihofia tatizo hili kuliko miji ya baridi. Mahali pabaya zege linaweza kupoteza milimita kadhaa kila mwaka, na kwa ukuta wenye unene wa sentimita 10 au 15 hesabu ya umri wake si ngumu kuifanya.

Hata hivyo, kabla ya kumpa muuzaji pesa, hakikisheni ugonjwa ndio huo. Mkiwa nje ya chemba, kwangueni ukuta kidogo kwa chuma kirefu, kisha wekeni ukwangufu huo juu ya karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ndogo humaanisha asidi kali, iliyoloweshwa kwa maji safi. Zege jipya husoma 12 au 13. Ukuta ulioliwa na asidi hii huweza kushuka hadi 2 au 1. Iwapo namba ni kubwa na zege bado ni gumu, ila limepasuka kwa kufuata mistari ya nondo zenye kutu, ugonjwa ni mwingine: pengine mchanga wa pwani wenye chumvi ulitumika, au nondo ziliwekwa karibu mno na uso wa ukuta, na hapo lawama inarudi kwa mjenzi.

Ikithibitika kuwa ni asidi, muuzaji ana hoja, kwa kuwa rezini iliyochaguliwa vizuri huvumilia asidi ya namna hii kwa miaka mingi. Ninalolitilia shaka ni lile neno lake «zote». Gesi haisambai sawa katika mtandao mzima. Hukolea kwenye chemba ambamo bomba la pampu linamwaga, kwenye chemba zenye maporomoko, na kwenye mistari mirefu yenye mteremko mdogo. Zikagueni hizo kwanza, na huenda mkakuta kwamba zinazohitaji kubadilishwa ni chache tu. Tena si lazima zifukuliwe: pale ambapo ukuta wa zamani bado unabeba udongo, silinda ya faiba huteremshwa ndani yake, na nafasi inayobaki kati ya kuta mbili hujazwa uji wa saruji na mchanga laini. Chemba hupungua upana kidogo, lakini barabara haikatwi na majirani hawakosi njia.

Swali la kumuuliza muuzaji ni aina ya rezini aliyotumia. Poliesta ya bei nafuu, inayofaa kwa kazi za kawaida, haitoshi mahali penye gesi kali. Inayofaa zaidi ni vinili esta, au walau poliesta ya aina ya isofthaliki pale ambapo gesi ni kidogo. Mwulizeni pia kuhusu tabaka la ndani, ambalo linatakiwa liwe na rezini nyingi na nyuzi chache. Kinachozuia asidi ni rezini. Kioo cha kawaida, kikifikiwa na asidi huku kikiwa kimevutwa na mzigo, hukatika, na ukuta huweza kupasuka bila dalili nyingi za mapema. Kwa sababu hiyo hiyo, kila tundu linalotobolewa kwenye eneo la kazi ili kupitisha bomba lazima kingo zake zipakwe rezini upya kabla ya kuvishwa raba. Wapo mafundi wanaotoboa, wakapachika bomba, wakajaza saruji pembeni na kuondoka. Saruji haishiki vizuri kwenye faiba, kwa hiyo maji hupata njia mapema, na asidi huyafuata.

Mfuniko unaoibwa, na namba zilizoandikwa juu yake

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa chama cha wakazi wa mtaa mmoja jijini Nairobi. Mifuniko ya chuma ya chemba zetu imeibwa mara kwa mara, na sasa tumechomeka matawi ya miti kwenye mashimo ili madereva wayaone. Tumeonyeshwa mifuniko ya faiba, mmoja umeandikwa B125 na mwingine D400, na bei zake zinatofautiana sana. Tofauti ni ipi, na je, wezi hawataiiba hii pia?

JIBU: Bwana Mwenyekiti, tuanze na namba, maana ndizo zinazotumiwa zaidi kumlaghai mnunuzi. Zinatoka katika kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 124, ambacho watengenezaji wengi, hata wa nje ya Ulaya, hukifuata au hudai kukifuata. Namba ni mzigo wa majaribio kwa kilonyutoni. Ukiigawanya kwa 10 unapata tani kwa makadirio ya karibu. A15 ni ya mahali wanapopita watu kwa miguu na baiskeli tu. B125 ni ya njia za miguu na maegesho ya magari madogo, C250 ni ya ukingo wa barabara kwenye mfereji, na D400 ni ya barabara yenyewe. E600 na F900 ni za bandari na viwanja vya ndege, nazo hazikuhusu.

Huenda ukajiuliza kwa nini mfuniko wa barabarani upimwe kwa tani 40, wakati sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 10 tu kwa ekseli moja yenye matairi manne, yaani tani 5 kwa kila upande. Sababu ni kwamba gurudumu halipiti juu ya mfuniko kwa upole: linagonga, linafunga breki, linarudia maelfu kwa maelfu ya mara, na wakati mwingine limebeba zaidi ya sheria. Mtaani kwenu, hata kama magari ya wakazi ni madogo, gari la taka na gari la kunyonya majitaka yanaingia. Kwenye barabara, chukueni D400. B125 wekeni kwenye njia ya miguu ambayo imezuiwa kwa vigingi ili gari lisiweze kupanda juu yake. Kama hakuna vigingi, dereva anayekwepa foleni atapanda tu.

Cheti nacho kisomwe, si kutazamwa muhuri. Kiwango hicho kilipoandikwa upya mwaka 2015 kiligawanywa katika sehemu sita, na sehemu ya tano ndiyo inayohusu mifuniko ya kompoziti, yaani vitu viwili au zaidi vilivyounganishwa kuwa kimoja, faiba ikiwemo. Cheti cha mfuniko wa faiba kinachotaja EN 124 bila kutaja sehemu, au kinachotaja sehemu ya pili ambayo ni ya chuma cha kuyeyushwa, kinastahili kuulizwa maswali. Ulizeni pia matokeo ya kubonyea. Faiba hupinda zaidi ya chuma chini ya mzigo ule ule, na majaribio huanza kwa kuushusha mzigo wa theluthi mbili mara tano ili kuona kama mfuniko umebaki umebonyea, ndipo hufuata mzigo kamili. Mfuniko usiovunjika lakini ukabaki na bonde katikati utakusanya maji na kucheza ndani ya fremu yake.

Kuhusu wizi, kinachoibwa ni bei ya chuma chakavu. Januari 2022 Serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, ikairuhusu tena mwaka huo huo kwa masharti mapya. Kwa maoni yangu, amri za namna hiyo husaidia kwa muda tu, kwa kuwa mnunuzi na tanuri lake bado wapo. Faiba haiyeyuki ikauzwa kwa kilo. Rezini yake ikishaganda hairudi kuwa majimaji, kwa hiyo mwizi akishaibeba hana pa kuipeleka. Hilo ni kweli kwa mwizi anayejua, na mwizi asiyejua ataujaribu wa kwanza. Andikeni juu yake kwa rangi inayoonekana kuwa si chuma, na hakikisheni fremu nayo ni ya faiba, kwa sababu nimewahi kuona fremu ya chuma ikichimbuliwa na mfuniko wa faiba ukaachwa kando ya shimo.

Kufuli bado inahitajika, na si kwa sababu ya wezi peke yao. Mvua za masika zikijaza bomba, maji husukuma kutoka chini kwenda juu, na mfuniko mwepesi huinuka na kuchukuliwa na mafuriko mahali ambapo ule wa chuma, kwa uzito wake, pengine ungebaki. Jambo la mwisho ni la kwetu sisi wenyewe: msichome takataka kando ya barabara juu ya mfuniko. Chuma huvumilia moto huo, lakini rezini huungua, na mfuniko ulioungua upande mmoja hauna tena daraja lililoandikwa juu yake.

Chemba iliyopanda juu usiku

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, sisi ni wakandarasi wadogo hapa Unguja. Tuliteremsha chemba ya faiba yenye kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 3 katika eneo lenye maji ya ardhini ya juu, juu ya zulia la zege la chini. Kabla hatujafukia, mvua ilinyesha usiku, shimo likajaa, na asubuhi tuliikuta chemba imeinuka na kulala upande. Mteja anasema bidhaa ni mbovu. Je, ni mbovu?

JIBU: Ndugu Mkandarasi, bidhaa ilifanya jambo ambalo chombo chochote chepesi chenye hewa ndani hulifanya majini, na mteja wako hana haki ya kuilaumu. Fanya hesabu. Chemba ya vipimo hivyo, ikizama yote, inachukua nafasi ya takribani mita za ujazo 3.5 za maji, kwa hiyo maji yanaisukuma juu kwa nguvu ya tani 3.5. Kama ukuta wake una unene wa milimita 12, uzito wake wote hauzidi sana kilo 300. Zimebaki tani 3 na zaidi ambazo lazima kitu kingine kizishikilie.

Watu wengi hudhani zulia la zege la chini linatosha. Chukua zulia la mita 2 kwa mita 2 lenye unene wa sentimita 30: ujazo wake ni mita za ujazo 1.2, na uzito wake ni karibu tani 2.9, lakini likiwa ndani ya maji nalo linasukumwa, na kinachobaki ni tani 1.7 tu. Kwa hiyo hata kama mlikuwa mmeifunga chemba kwenye zulia hilo barabara, usiku ule ingepanda nalo. Kinachookoa ni udongo. Zulia hilo linatokeza sentimita 40 kila upande wa chemba, na juu ya ukingo huo, kazi ikishafukiwa, hukaa zaidi ya mita 8 za ujazo za udongo. Hata tukikadiria kwamba udongo uliolowa unabaki na kilo 800 tu kwa kila mita ya ujazo baada ya kuondoa msukumo wa maji, hizo ni tani 6 na ushei juu ya zile 1.7. Chemba haitainuka tena. Sharti ni kwamba iwe imeshikamana na zulia lake: flanji, yaani ukingo wa faiba uliotokeza kuzunguka kitako, izamishwe ndani ya zege linapomwagwa, au ifungwe kwa boliti za chuma kisichoshika kutu. Chemba iliyokalishwa juu ya zege bila kufungwa haisaidiwi na zulia hata likiwa kubwa kiasi gani.

Hatari kubwa, basi, ni zile siku chache kati ya kuteremsha na kumaliza kufukia. Katika siku hizo pampu ya kunyonya maji isiondoke shimoni, na ikiwezekana zibeni midomo ya mabomba na kuijaza chemba maji safi kadiri mnavyofukia, ili maji ya ndani yalingane na ya nje. Maji hayo yana kazi ya pili pia, kwani huzuia ukuta usibonyezwe na mashine ya kushindilia.

Kufukia kwenyewe kunastahili uangalifu ambao mafundi waliozoea zege huwa hawana. Ukuta wa zege ni mnene na hujitegemea. Ukuta wa faiba ni mwembamba, nao hutegemea udongo ulioshindiliwa vizuri kuuzunguka. Wekeni mchanga au kokoto laini kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, mkishindilia pande zote kwa usawa. Huko kwenu mawe ya matumbawe yenye ncha kali hutoka mengi wakati wa kuchimba, na vishawishi vya kuyarudisha shimoni ni vikubwa. Yasiguse ukuta, maana ncha moja ikisukumwa na udongo wa mita tatu kwa miaka itapenya. Wasomaji wa bara wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, wausafirishe mbali na wafukie kwa mchanga au moramu.

Chemba ikiwa barabarani, uzito wa magari usiachwe kwenye shingo yake. Mwagieni pete ya zege chini ya fremu, pana kuliko chemba, inayokaa juu ya udongo ulioshindiliwa, ili gurudumu libebwe na ardhi.

Kuingia ndani

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nafanya kazi ya kuzibua mabomba Mwanza. Bosi wetu anasema chemba mpya za faiba ni safi, hazina gesi kama zile za matofali, kwa hiyo tunaweza kushuka bila vifaa. Ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Si sahihi, na tafadhali msishuke. Gesi haitoki ukutani, inatoka kwenye majitaka, na majitaka ni yale yale. Isitoshe, chemba ya faiba iliyofungwa vizuri haivuji, na isiyovuja haipumui. Haidrojeni salfaidi ina hila moja ambayo kila mzibuaji anapaswa kuijua: ikiwa kidogo inanuka sana, lakini ikifika karibu sehemu 100 katika milioni moja ya hewa, pua hufa ganzi na harufu hutoweka. Mtu hudhani hewa imesafika, na hapo ndipo anapoanguka. Gesi nyingine, kama methani, haina harufu kabisa, na hewa yenye oksijeni chini ya asilimia 19.5 haihesabiwi kuwa salama hata kama haina sumu yoyote.

Kipimo cha gesi kinateremshwa kwa kamba kabla ya mtu, tena katika kina tofauti, kwa kuwa haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Hewa safi inasukumwa kwa feni. Anayeshuka anafungwa mkanda wa mwili mzima uliounganishwa na kamba na winchi ya juu, na anayebaki juu haondoki wala hashuki, hata amwone mwenzake ameanguka. Vifo vingi vya chemba ni vya watu wawili au watatu, mmoja aliyetangulia na wengine waliomfuata kumwokoa. Bosi wako akikataa kununua vifaa, kazi ifanywe kutoka juu kwa mashine ya maji ya shinikizo na kwa gari la kunyonya. Hiyo ni kazi halali na ndiyo ninayoipendekeza hata kwa wenye vifaa.

Nyaya, mita na mawimbi

SWALI: Ninasimamia ujenzi wa njia za nyaya za mawasiliano na umeme jijini Arusha. Je, kuna faida yoyote ya kutumia visanduku na mifuniko ya faiba mahali pasipo majitaka wala asidi?

JIBU: Zipo mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba faiba haipitishi umeme. Januari 2004, mjini New York, mwanamke aliyekuwa akitembea na mbwa wake alikufa alipokanyaga bamba la chuma la sanduku la nyaya lililokuwa limeshika umeme kutoka kwenye waya ulioharibika chini yake. Mfuniko wa faiba ungemtenga na waya ule. Hilo lisikufanye uache kufunga waya wa ardhi na kukagua viungo, kwa sababu boliti, bawaba na maji yaliyojaa kisandukuni bado hupitisha umeme.

Ya pili ni kwamba mawimbi ya redio hupita ndani ya faiba, wakati chuma huyazuia. Mamlaka ya maji inayotaka mita itume usomaji wake ikiwa chini ya ardhi, au kampuni inayoweka kihisi cha kuonya kuwa mfuniko umefunguliwa, huweza kuweka antena chini ya mfuniko huo bila kutoboa kitu. Mahali pasipo mojawapo ya mahitaji haya, wala wizi, chemba ya zege iliyomwagwa vizuri inatosha, na pesa inayobaki ingefaa zaidi ikatumika kutoa maji yanayotuama ndani yake.

Fundi wa boti anataka kazi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa boti za faiba Mombasa, kazi niliyoirithi kwa mzee wangu. Wateja wa boti wamepungua. Je, naweza kutengeneza chemba na mifuniko hii hapa hapa badala ya kuagizwa ng'ambo?

JIBU: Ndugu Fundi, ujuzi wako ni nusu ya kazi, na si nusu ndogo. Unajua kulaza mikeka ya nyuzi, kutoa viputo vya hewa kwa rola, na kusubiri kazi ikomae. Unajua pia, natumaini, kwamba kobalti ya kuharakisha ugandaji na kigandishi cha peroksaidi havichanganywi vyenyewe kwa vyenyewe kamwe, maana vikikutana hivyo hulipuka. Kila kimoja huingizwa kwenye rezini kwa wakati wake. Barakoa ya kuzuia vumbi na mvuke vaa wewe na vijana wako, hata kama mzee hakuwahi kuivaa.

Nusu ya pili ni hesabu. Boti huvutwa nje ya maji, ikakaguliwa, ikazibwa na kupakwa rangi, na ikichoka mwenye nayo ataona. Chemba hufukiwa, ikabanwa na udongo na maji kutoka kila upande kwa miongo mingi bila mtu kuiona mgongo, na ukuta mwembamba kupita kiasi hukunjika kuelekea ndani. Viwandani nyuzi huzungushwa kwa mashine kwenye kinu zikiwa zimekazwa sawasawa, na unene hauachwi kwa jicho la fundi. Kiwango cha Marekani cha ASTM D3753 kimeandikwa mahususi kwa chemba za poliesta zilizoimarishwa kwa nyuzi za kioo, na ukikipata kitakuonyesha ni mambo gani yanayopimwa. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ndilo la kuuliza kwanza kuhusu cheti cha hapa nyumbani, kwa sababu bila cheti hakuna halmashauri wala mkandarasi mkubwa atakayekupa zabuni.

Ushauri wangu ni uanze na vitu ambavyo vikishindwa havimuui mtu: visanduku vidogo vya ukaguzi vya ndani ya ua, visanduku vya mita za maji, mifuniko ya daraja la A15 ya mahali pasipoingia gari. Usikubali kuandika D400 juu ya mfuniko kwa sababu mteja amekuomba uandike. Vyuo vyenye maabara za uhandisi huwa na mashine za kubana zege, na nyingi zinaweza kubana mfuniko pia ukipeleka barua ya maombi na kulipa ada. Ukifika siku ya kupata oda ya kwanza ya mfuniko wa barabarani, tengeneza mitatu kwa rezini ile ile na mikono ile ile: mmoja wa mteja, na miwili ya kuvunjwa mashineni kabla hujaukabidhi wake.